Kabla ya Apu Kulikuwa na Redio

Nikifungua simu asubuhi, kabla sijasoma hata meseji moja, nakutana na tangazo. Mtoto wa miaka minne, mashavu kama ya tangazo la maziwa, anagusa tableti na kusoma neno refu la Kiingereza bila kukwama. Chini wameandika kwamba mtoto wako pia atasoma ndani ya wiki chache, wewe lipa tu kila mwezi. Sasa mathe wa huku kwetu Mugutha, ambaye mtoto wake yuko Gredi ya 2 na bado anasoma neno "mama" kwa kukisia picha, analiona hilo tangazo pia. Linamuuma. Anakuja kuniuliza, kwa sababu kwa ploti yetu mimi ndiye "wa mambo ya intaneti": hii kitu ni ya ukweli ama ni ya kukula pesa?

Jibu langu huwa refu, na linaanza mbali na simu. Hii ahadi kwamba kuna kifaa kitamfundisha mtoto kusoma imeshapita Kenya mara kadhaa. Ilikuja na redio, ikaja na laptopu, sasa imekuja na apu. Kila ilipokuja watu walipima, wakaandika ripoti, halafu nchi ikasahau. Hebu twende nayo polepole.

Tuanzie hapa hapa Kiambu, wakati kifaa kilikuwa sleti na chaki. Wamisionari walipofika, Wakikuyu waliowafuata waliitwa athomi, yaani wasomaji. Lifikirie hilo jina. Ungedhani wangeitwa kwa jambo la dini, lakini kilichowatambulisha mbele ya majirani ni kwamba wanasoma. Na kusoma kulikuwa na uzito wa maisha: kazi ya ukarani, barua ya mtu aliye mbali, kujua karatasi ya shamba imeandikwa nini kabla hujaweka kidole gumba.

Mwaka 1929 mvutano kuhusu tohara ya wasichana ulipolipuka, wazazi wengi waliondoa watoto wao shule za misheni. Hawakukaa tu kulalamika. Walichanga pesa, wakabeba mawe na mbao, wakajenga shule zao wenyewe, zile za KISA na zile za Karing'a. Mwaka 1939, Mbiyu Koinange akiwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, chuo kikafunguliwa Githunguri. Chuo cha nini? Cha walimu. Kila nikisoma hii historia mimi husimama hapo kwanza. Watu waliokuwa na senti chache, chini ya mkoloni, walipoulizana tuweke hii harambee wapi ili watoto wasome, waliiweka kwa mtu atakayesimama mbele ya mtoto. Na mkoloni alielewa uzito wa hiyo hesabu, kwa sababu hali ya hatari ilipotangazwa 1952, shule hizo na hicho chuo vilifungwa.

Sasa redio. Wengi wa rika letu hawajawahi kusikia hii, na mimi niliijua juzi tu nikisoma mambo mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ile tunayoiita KICD leo, ilifanya jaribio kwa pesa za msaada wa Marekani. Mradi uliitwa Radio Language Arts. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu walifundishwa Kiingereza kwa redio, kipindi cha nusu saa. Lakini haikuwa redio ya kukaa na kusikiliza kama taarifa ya habari. Sauti inauliza swali, inanyamaza sekunde chache, darasa lote linajibu kwa kelele, halafu sauti inaendelea kana kwamba imewasikia. Simama. Onyesha dirisha. Soma neno lililo ubaoni. Imba.

Ukiangalia vizuri, huyo ndiye babu wa kila apu inayomwambia mtoto "gusa herufi b" kisha ikamsubiri. Wazo ni lile lile, tofauti ni kwamba redio haikuweza kujua kama umekosea. Na jaribio lilifaulu: watoto waliosoma na redio waliwapita wenzao ambao hawakuwa nayo. Ila kuna jambo watu hulisahau wakisimulia. Redio haikuwa peke yake darasani. Mwalimu alikuwa ameshaandika maneno ubaoni, anapita kati ya madawati, anaona nani anafungua mdomo bila kutoa sauti. Mtoto alikuwa na wasemeshaji wawili. Pesa za mradi zilipoisha, kitu chenyewe hakikugeuka kuwa mazoea ya nchi nzima.

Ruka hadi Januari 2003, elimu ya msingi ikawa bure. Wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Dada yangu aliingia darasa la kwanza mwaka huo na bado anasimulia walivyokuwa wanabanana kwa dawati, aliye pembeni anaandika akiwa nusu hewani. Mimi siwezi kuisema vibaya hiyo sera, bila hiyo nusu ya watu ninaowajua wangekuwa hawajakanyaga shule. Lakini ilikuja na swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza kwa sauti: hawa watoto wameingia, je, wanasoma?

Waliouliza ni Uwezo. Kuanzia 2009 walituma watu nyumba kwa nyumba, Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwa na karatasi moja yenye hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto asome, basi. Matokeo ya Kenya yaliyotoka 2011 yalionyesha kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kuisoma. Wueh. Saba wako shuleni, wana sare, wanaimba wimbo wa taifa, wanahesabiwa kwenye rejista, na hadithi ya mtoto wa darasa la chini inawashinda.

Kwa hiyo uchaguzi wa 2013 ulipofika na wanasiasa wakaahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, unaelewa kwa nini watu walipiga makofi. Ilisikika kama jibu. Tenda ya kwanza ilifutwa, laptopu zikageuka tableti, na kuanzia 2016 vifaa vikaanza kusambazwa. Hadi kazi ilipokamilika vilikuwa zaidi ya milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000. Kazi ya kuvitengeneza ilipewa vyuo vikuu viwili, Moi na JKUAT, pamoja na washirika wao wa nje. JKUAT iko Juja. Kutoka Mugutha unafika na boda. Yaani tableti za nusu ya Kenya ziliunganishwa karibu na mahali ninapoandika haya, na hiyo kwangu ni fahari.

Lakini kuna shule moja pande hizi, sitaitaja jina. Tableti zilifika, zikapigwa picha na wakubwa, zikaingia stoo yenye mlango wa chuma. Zilikuwa zikitoka mgeni akija. Mwalimu mmoja wa hapo aliniambia wazi, bila aibu, na nikamwelewa: moja ikipotea, ni yeye atakayeandika maelezo polisi. Ana watoto sitini na kitu. Muda wa kuzitoa, kuzigawa, kutafuta zilizo na chaji, kuzihesabu na kuzirudisha ni kipindi kizima kimeisha na hakuna aliyesoma neno. Nani angejisumbua?

Hapa sasa ndipo nataka mtulie, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo karibu hakuna mtu aliisikia wakati nchi inabishana kuhusu laptopu. Wakati ule ule, kulikuwa na mradi mwingine wa kusoma ulioitwa PRIMR, ambao baadaye ulizaa Tusome. Kule Kisumu walifanya jaribio la vifaa. Kundi moja la shule, tableti alipewa mkufunzi wa TAC, yule afisa anayezunguka kutembelea walimu. Kundi la pili, tableti walipewa walimu. Kundi la tatu, watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Na wote walikuwa na vitabu vya karatasi na walimu waliofunzwa namna ya kufundisha silabi.

Makundi yote matatu yalizipita shule zilizokuwa nje ya mradi. Poa. Lakini yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, hakukuwa na tofauti ya maana. Mtoto mwenye kifaa mkononi hakusoma vizuri kumshinda mtoto ambaye kifaa kilikuwa kwa begi la mkufunzi, anakuja nacho kwa pikipiki, anakaa nyuma ya darasa, anasikiliza watoto watatu wakisoma, kisha anamwambia mwalimu "hawa bado sauti ya herufi hizi." Na hiyo njia ya mkufunzi ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, kwa mbali. Mkufunzi mmoja, kifaa kimoja, shule kadhaa.

Kwa hiyo tableti iliyoleta faida kubwa kwa kila shilingi ni ile ambayo mtoto hakuigusa kabisa. Nimeirudia hiyo sentensi kichwani mara nyingi na bado inanishangaza.

Tusome ilipoenea nchi nzima 2015, ilifuata somo hilo. Kila mtoto kitabu chake, cha Kiswahili na cha Kiingereza, badala ya watano kugombania kimoja. Na tableti zikaenda kwa wale maafisa wa kuzunguka. Kama ulikuwa na mdogo wako darasa la kwanza miaka ile, unakikumbuka kitabu chake. Hakuna aliyekipigia kampeni. Kitabu hakina mvuto kwa jukwaa la siasa.

Mtu ataniambia: sawa, lakini hapo kulikuwa na walimu. Kama hakuna mwalimu je? Swali zuri, na lilijibiwa jirani, Tanga. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti kwa karibu watoto 3,000 kwenye vijiji kama 170 vya mkoa huo. Elon Musk alitoa pesa ya zawadi, UNESCO, WFP na serikali ya Tanzania wakasimamia mashinani. Tableti zilichajiwa kwa sola. Karibu robo tatu ya hao watoto hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Hawakupewa mwalimu. Walipewa apu. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Apu mbili zilishinda, Kitkit School na onebillion.

Hiyo si kitu kidogo. Mtu asikudanganye kwamba apu ni mchezo tu. Mtoto ambaye hakuna mtu wa kumfundisha, ukimpa apu nzuri, kuna kitu kitaingia. Ila angalia sharti moja lililokuwa kwa hilo shindano: kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa Tanga anaisikia akinunua chumvi.

Na hilo ndilo linalonikera na apu nyingi zinazouzwa kwa wazazi wetu. Kiswahili ni lugha ya huruma kwa anayeanza kusoma. Herufi ikisema a, ni a, leo na kesho. Ukishajua ma na ka, tayari una mama, kaka na kama. Kiingereza kitamwekea mtoto maneno kama though, through na cough na kumwambia yote yameandikwa vile vile lakini yasomwe tofauti, pole. Watoto wa Mugutha wanazungumza Kiswahili uwanjani. Barabara Kuu ya Thika ilipopanuliwa, hapa palijaa watu wa kutoka kila kona, Mkisii, Mluhya, Mkamba, Mkikuyu, mashamba yakakatwa ploti, na lugha ya kuombana mpira ni Kiswahili, chetu hiki cha mtaa. Halafu unampakulia mtoto apu yenye sauti ya Kimarekani inayomwambia herufi ya mwisho ni "zii" wakati mwalimu wake anasema "zedi". Mtoto anabaki katikati.

Nimeona haya na binamu yangu mdogo, tunaishi naye. Alikuwa na apu ya bure ya maneno na picha, na kila jioni anapata nyota, nyumba nzima inafurahi. Siku moja nikafunika picha kwa kidole. Nikamwambia soma. Akanyamaza. Kumbe alikuwa amejua kwamba neno refu ni tembo na fupi ni paka, akawa anachagua kwa urefu. Mchezo alikuwa ameushinda kihalali kabisa, kusoma bado. Apu haikuwa na njia ya kulijua hilo. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo. Tukabadilisha: tukatafuta ya silabi kwa Kiswahili. Kuna Feed the Monster, ile ya kulisha jitu herufi, ambayo ilianza kama msaada kwa watoto wa Syria na sasa ina toleo la Kiswahili, ni ya bure na ukishaipakua haili bando. Anacheza dakika kumi, kisha simu inalala kifudifudi na anasoma maneno yale yale kwa karatasi, mimi nikiwa kando yake. Hapo kwa karatasi ndipo kuna kazi.

Kando yake. Hapo ndipo shida ya Mugutha ilipo, na hakuna tangazo linaloitaja. Simu nzuri ya nyumba ni moja na inaondoka na mathe saa kumi na moja alfajiri, kwenda viwandani Ruiru au Thika. Inarudi saa mbili usiku na chaji asilimia tisa, na mathe mwenyewe amebaki na kama hiyo. Mtoto ameshikilia macho yasifunge. Tuliona haya wazi 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi na watoto wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Kila mtu alisema watasomea mtandaoni. Hapa mtaani waliosomea mtandaoni niliweza kuwahesabu kwa vidole. Wengine walikuwa na runinga ya jirani, na nitawapa maua yao Akili Kids!, chaneli ya watoto iliyoanza hewani mwisho wa Machi mwaka huo huo, bila malipo. Waliobaki walicheza tu. Siwalaumu.

Kwa hiyo yule mathe wa ploti nilimwambia hivi. Usilipe kila mwezi. Apu za bure zinatosha kuanza, mradi iwe Kiswahili kwanza na isiwe na matangazo ya kuruka ruka. Kama usiku umechoka, mwombe yule msichana wa Gredi ya 7 wa mlango wa tatu akae na mtoto wako robo saa, umnunulie mandazi. Na mara moja kwa wiki funika picha. Akasema mandazi anaweza.

Lakini mambo ya mandazi ni ya mlango mmoja. Yaliyo makubwa yako kwingine. Apu za fainali za shindano la Tanga ziliachwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuzitumia bure. Zina Kiswahili ndani. Chuo kilichounganisha tableti kiko Juja, kimejaa wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Na nyuma ya mlango wa chuma, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, kuna tableti zilizolipiwa na kodi ya akina mathe wa saa kumi na moja alfajiri. Nilimuuliza yule mwalimu kama bado zinawaka. Akasema baadhi zilikuwa zinawaka mara ya mwisho walipofungua.

Mkutano wa wazazi ni muhula ujao. Mimi si mzazi, ila binamu yangu anasoma hapo na mathe ameniambia niende kwa niaba yake. Nitakaa nyuma nisikilize mambo ya pesa za chakula na sare. Wakifika kwa mengineyo, nitainua mkono niulize ufunguo wa stoo uko na nani.